Pete Iliyopungua Sentimita 12

Hotuba niliyoitoa chuoni kwetu, Unguja, siku ya kuziaga timu zinazokwenda kwenye mashindano ya vyuo Tanzania Bara

Bismillahi Rahmani Rahim. Makamu Mkuu wa Chuo, walimu wangu, Mshauri wa Wanafunzi, wazazi mliotoka mbali na mliotoka hapa jirani, viongozi wa serikali ya wanafunzi, na nyinyi wadogo zangu mliokaa mbele na jezi mpya mapajani. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waziri wa michezo wa serikali yenu ya wanafunzi aliponipigia simu aliniomba nije niseme maneno ya kuwatia moyo. Nimekaa nikafikiri, nikaona moyo mnao tayari. Mtu asiye na moyo hafanyi mazoezi saa 10 ya jioni mwezi wa Februari, kaskazi imelala na jua linaunguza mpaka soli za viatu. Kwa hiyo nitawasimulia kisa cha pete, kisha nitakuwa na ombi moja kwa uongozi wa chuo. Ombi hilo nitalisema mbele yenu ili nyote muwe mashahidi.

Niliingia chuo hiki mwaka 2007. Uwanja wa mpira wa pete, yaani netiboli, ulikuwa nyuma ya dahalia ya wanawake, pale ambapo leo magari yanaegeshwa. Ardhi ya upande huu mnaijua. Ukichimba shibiri moja umekutana na jiwe la matumbawe, na kila mvua ya masika ikipita, mawe mapya yanachomoza kama meno. Basi kila mazoezi yalianza kwa kuokota mawe. Tulijipanga mstari mmoja, tukapita kutoka pete hadi pete tumeinama kama watu wanaopalilia. Makovu niliyonayo magotini ni ya yale mawe tuliyoyasahau.

Timu yetu ilikuwa ya Wapemba kwa sehemu kubwa. Kulikuwa na sababu. Wanafunzi wa mjini walikuwa wakikimbilia daladala vipindi vikimalizika, na waliobaki jioni ni wale waliolala dahalia, nao walitoka Wete, Chake Chake, Mkoani na Micheweni. Mfungaji wetu alikuwa dada wa kutoka Wete, mrefu, mkimya, na hakuwa akikosa. Akipewa mpira ndani ya nusu duara ya mbele ya pete, sisi tuliokuwa nyuma tulikuwa tunageuka kurudi kati kabla haujaingia, maana tulijua umeshaingia.

Tukaenda Dar es Salaam kwa mashindano. Mechi ya kwanza, robo ya kwanza, dakika 15. Mpira wa kwanza ulifika mbele ya pete, ukagonga chuma, ukarudi. Wa pili vile vile. Wa tatu haukufika hata kwenye chuma. Tukaambiana kuwa ni bahari, maana mawimbi yalikuwa makubwa siku ile na yeye alitapika ndani ya boti. Tukampa maji, tukampa ndimu alambe. Robo ya pili hali ikawa ile ile. Mechi ya pili, siku iliyofuata, amelala vizuri na amekula, na mipira bado inaanguka mbele ya pete. Yule dada alilia, na sisi tuliokuwa tukimwamini tukaanza kumpasia kwa mashaka. Sijausahau uso wake kila alipopokea mpira akaona sisi hatugeuki tena.

Tulifungwa mechi zote mbili. Tulipokuwa tunafunga mizigo, mwalimu mmoja wa timu nyingine, mama mtu mzima, alitujia akatuuliza swali moja: nyumbani kwenu pete ina urefu gani? Tukatazamana. Hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa na jibu.

Tuliporudi tuliazima ngazi ya msikitini na tepu mbili za fundi cherehani tukaziunganisha kwa pini. Pete ya mpira wa pete inatakiwa iwe mita 3.05 kutoka ardhini. Yetu ilikuwa mita 2.93. Zilipungua sentimita 12. Wenye kucheza mnaelewa mara moja, na wazazi mtaniwia radhi niseme kidogo. Pete yenyewe ina upana wa sentimita 38 kwa ndani. Mpira una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Nafasi inayobaki kwa makosa ya mkono ni sentimita 16 tu, nusu mbele na nusu nyuma. Mkono uliofundishwa miaka miwili kurusha kwenye pete ya chini hauwezi kufundishwa upya asubuhi ya mechi. Dada yetu hakuwa mgonjwa wala hakuogopa. Alikuwa anarusha sawasawa kabisa, kwa pete ya nyumbani.

Sasa sikilizeni sehemu iliyoniuma zaidi. Wakati tunapima, mlinzi wa chuo, mzee aliyekuwapo tangu majengo yanajengwa, alisogea akatuambia: mbona jambo hilo linajulikana? Nguzo zilianguka kwa upepo mwaka fulani, fundi akazichimbia chini zaidi ili zisianguke tena. Kapteni wa miaka ile alilijua. Alikuwa akiwaambia wenzake, mkienda nje rusheni juu ya pete kwa kiganja kimoja. Kisha akamaliza masomo, akavaa joho, akaenda zake kazini. Waliokuja baada yake walikuta nguzo zimesimama, wakadhani ziko sawa.

Hapo ndipo nilipofahamu kitu kuhusu timu za chuo kidogo, na ndicho kilichonileta mbele yenu leo. Chuo kikubwa kikipoteza wachezaji saba kwa mahafali, kina sabini wengine wanaosubiri, na kina mwalimu wa michezo aliyeajiriwa, mwenye ofisi na kabati la mafaili. Sisi tukipoteza saba tumepoteza timu. Shahada ni miaka mitatu au minne. Mwaka wa kwanza mtoto anatafuta madarasa, mwaka wa pili anaanza kucheza, wa tatu anacheza vizuri, na kabla hamjageuka ameshaondoka na kila alichokijua. Vipaji havijatushinda, maana kisiwa hiki kina watoto wanaocheza mpira kabla hawajaweza kufunga vifungo vya shati. Kinachotushinda ni kuanza upya kila mwaka.

Kwa hiyo mwaka ule tulinunua daftari. Kaunta buku la kawaida, lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza tuliandika urefu wa pete na tarehe tuliyopima. Wa pili tuliandika kila mmoja wetu anacheza nafasi gani, na nafasi gani nyingine anaweza kuziba mwenzake akikosekana. Wa tatu, timu tulizocheza nazo na zinavyocheza. Nitaufikia mwisho wa daftari hilo baadaye.

Mwaka uliofuata nilikuwa kapteni. Tulikuwa na mechi na chuo kingine hapa hapa Unguja, na asubuhi ya siku hiyo mtihani wa majaribio wa somo moja ukahamishwa kutoka Alhamisi kuja Jumatano saa 10 jioni. Mchezaji wetu wa WD, yaani winga mlinzi, alikuwa katika darasa hilo. Hakukuwa na mtu aliyekusudia ubaya, mwalimu alikuwa na safari. Tukaingia uwanjani sita badala ya saba. Sheria inaruhusu, ilimradi timu isipungue watano. Lakini mjue maana yake. WD ndiye anayemkaba WA, winga mshambuliaji, wa upande wa pili, na WA ndiye anayelisha mipira kwenye nusu duara. Ukimwacha WA peke yake, ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa ghala lako. Mimi nilikuwa C, mchezaji wa kati, nikawa nakaba watu wawili. Tuliongoza mpaka robo ya tatu. Robo ya nne miguu ikagoma, tukafungwa kwa magoli manne. Yule msichana wa WD alitoka mtihanini mbio, akafika uwanjani watu wanapeana mikono. Nimeliandika jambo hilo ndani ya daftari bila jina la mwalimu na bila jina la somo. Nimeandika siku tu, na saa.

Nataka niseme kuhusu wasichana kwa sababu kwao saa ni jambo zito kuliko kwa wavulana. Jua letu halitofautiani sana mwaka mzima. Linazama baina ya saa 12:15 na saa 12:45 hivi. Alasiri ikishaswaliwa, timu ya wavulana ina mpaka magharibi, na hata baada ya magharibi haiulizwi kitu. Msichana anayerudi Fuoni au Bububu lazima awe ndani ya gari kabla ya adhana, na mzazi anayemsubiri mlangoni ana haki yake. Kwa hiyo wavulana wakipewa uwanja kwanza na wasichana wakaambiwa wangoje, hao wasichana hawakupewa uwanja. Wamepewa giza.

Wazazi wangu, nawaheshimu, na najua baadhi yenu mna wasiwasi wa stara. Niliulizwa na mama yangu mwenyewe. Wakati ule kulikuwa na sababu ya kuuliza, maana hata sheria za kimataifa zilikuwa zinabana. Leo milango imefunguliwa. Bodi inayotunga sheria za mpira wa miguu duniani iliruhusu rasmi mtandio kichwani mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa kikapu likafuata mwaka 2017. Mtoto wa kike anaweza kuvaa suruali ndefu, mikono mirefu na mtandio uliofungwa vizuri, akacheza mashindano ya kimataifa ya michezo hiyo, na mwamuzi hana la kumwambia. Jezi mlizoziona leo zimeshonwa hivyo. Nimezishika, kitambaa ni chepesi, hakigandi kwa jasho. Nimefurahi kwa hilo kuliko kwa kitu chochote nilichokiona leo.

Kwa upande wa mpira wa miguu nitasema machache kwa sababu wenyewe wana wasemaji wengi. Wachezaji wetu kadhaa wanachezea timu za mitaani kwao, wengine wamo kwenye madaraja ya ligi, na wanakuja chuoni wamechoka. Kapteni azungumze na viongozi wa timu zao mapema, kwa adabu na kwa barua. Na kipa wetu ambaye pia ndiye mpanga mipira wa timu ya wavu, kaka, nimekuona. Katika chuo kidogo mtu mmoja anabeba timu mbili, nasi tunakutegemea. Lakini mtafutieni msaidizi, vidole vyake vikiumia tunapoteza viwanja viwili siku moja.

Kuhusu kuumia, niseme kama mtu ninayefundisha wasichana skuli sasa. Katika mpira wa pete huruhusiwi kukimbia na mpira. Unaudaka hewani, unatua, unasimama papo hapo, na una sekunde 3 za kuutoa. Uzito wote wa mwili unaishia gotini. Na wasichana wako katika hatari zaidi ya kukatika kano ya katikati ya goti kuliko wavulana, hili madaktari wa michezo wamelithibitisha mara nyingi. Ipo programu ya kupasha mwili moto ya FIFA inayoitwa 11+, inachukua kama dakika 20, haihitaji vifaa vingi, na imeonekana kupunguza majeraha pakubwa. Ilitengenezwa kwa mpira wa miguu, lakini mafunzo yake ya kuruka na kutua goti likiwa limekunjwa kidogo na kuelekea sawa na vidole vya mguu yanafaa kwa timu zote. Fanyeni kila siku ya mazoezi. Timu yenye wachezaji tisa haiwezi kumpoteza mmoja kwa miezi minane.

Wapo watakaosema sisi ni wadogo, na huko Bara tunakwenda kukutana na vyuo vyenye wanafunzi maelfu kwa maelfu. Ni kweli. Nataka nikukumbusheni mwaka 2017. Machi tarehe 16 mwaka ule CAF, shirikisho la mpira wa miguu la Afrika, iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, wa 55. Mjini watu walipiga honi usiku kucha. Julai, miezi minne baadaye, uanachama ukafutwa, tukaambiwa nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Wachezaji wa timu yetu ya taifa hawakuwa na kura katika kuingia wala katika kutolewa. Desemba wakaenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji, la nchi za Afrika Mashariki na Kati. Wakaifunga Rwanda, wakaifunga Tanzania Bara 2-1, nusu fainali wakaitoa Uganda 2-1, na fainali kule Machakos wakatoka 2-2 na wenyeji, wakashindwa kwa penalti. Kombe lenyewe tulilichukua mara moja, mwaka 1995.

Mnajua mimi nakumbuka nini zaidi katika habari hiyo? Kocha. Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco, ndiye aliyekuwa na timu ile. Januari 2024 Tanzania ilipokuwa Ivory Coast kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika na kocha wake akasimamishwa, ni yeye aliyekabidhiwa Taifa Stars katikati ya mashindano. Aliweza kupokea kwa sababu alikuwa na cha kupokelea. Miaka yake ya viwanja vya hapa kwetu haikupotea, aliibeba. Timu ya chuo haina mtu wa kubeba hivyo. Kocha wetu ni mwalimu wa takwimu anayejitolea, Mungu amlipe, na akipata uhamisho kesho ataondoka. Ndiyo maana nang'ang'ania kuandika.

Sasa ombi langu, Makamu Mkuu wa Chuo.

Naomba saa moja na dakika 45, mara mbili kwa wiki. Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa 10:15 mpaka saa 12 kamili jioni, mwanafunzi wa mchana asipangiwe kipindi, wala mtihani wa majaribio, wala mkutano wa lazima. Naomba iandikwe kwenye ratiba ya muhula kama somo linavyoandikwa, ibandikwe ubaoni, na mwalimu anayetaka kuihamisha aandike barua kama anavyofanya akitaka kuhamisha mtihani wa mwisho. Na uwanja, Jumatano uwe wa wasichana kwanza.

Najua ugumu wake. Chuo binafsi kinaishi kwa ada, na vipindi vya jioni ndivyo vinavyoleta wafanyakazi wanaotoka ofisini saa 9:30. Ada zao zinalipa umeme unaowaka hapa na mshahara wa walimu wangu. Siombi viguswe. Madarasa yabaki yao. Naomba tu wanafunzi wa mchana waachiliwe, na mwanafunzi wa jioni anayependa kucheza aifanye Jumamosi kuwa siku yake.

Kwa nini saa, na si fedha? Fedha tunazihitaji, nauli za boti si mchezo, na wafadhili waliolipia safari hii nawashukuru kwa moyo wote. Lakini fedha huja mara moja kwa mwaka, wiki mbili kabla ya safari. Saa ile ya Jumatano ndipo wa mwaka wa tatu anapomshika mkono wa mwaka wa kwanza akamwambia, kiwiko kiinue, hapa, tazama. Wakikutana ndani ya boti peke yake wanafahamiana majina tu.

Na walimu wangu, mtaniuliza kuhusu sapu, mitihani ya kurudia somo mtu alilofeli. Nimeona wachezaji waliofeli, na nimeona wasiogusa mpira waliofeli. Mchezaji mwenye sapu msimwondoe kwenye timu kabla hamjamwuliza kapteni. Mara nyingi kapteni anajua nini kinaendelea nyumbani kwa mtoto huyo kabla ya ofisi yoyote. Ada imekwama, au mama yuko spitali. Sisi tulikuwa na dada aliyekuwa analala njaa mwisho wa mwezi, na aliyeligundua alikuwa GK, mlinda goli wetu, aliyeona hana nguvu ya kuruka.

Kapteni wa netiboli, njoo hapa, mdogo wangu. Usiogope, njoo.

Hili ndilo daftari. Lilipotea miaka mitano, likapatikana ndani ya sanduku la mchezaji mmoja huko Mkoani, mama yake alikuwa akiandikia hesabu za duka kurasa za nyuma, na hesabu hizo nimeziacha. Jalada nimelifunga upya kwa gundi ya kiatu. Ukurasa wa mwisho uliobaki mtupu ni wako. Jana usiku nilikwenda kwenye uwanja mpya na tepu, nikapima pete zote mbili. Ya upande wa msikiti ni mita 3.05 kamili. Ya upande wa barabara ni mita 3.03, na nguzo yake inacheza. Nimeandika humo, na tarehe. Mwambie fundi aje kabla hamjarudi. Na mkifika huko kesho, kabla hamjafungua mabegi, ombeni ngazi.